Faili la Saini

Kwenye kabati langu yamelala madaftari kumi na saba
ya hatimkato: mikia, vitanzi, nukta za penseli,
maneno ya watu waliostaafu,
wengine wamezikwa Iganga,
na humu jengoni hakuna mwingine awezaye kuyasoma.

Niliingia kwa taipureta, hapa Jinja,
mwaka ule mvua ilipobomoa ukuta wa ghala,
na Kiswahili changu cha kambini, Kiingereza cha masista.
Nikajifunza kupokea simu bila kusema "hayupo"
wakati yupo, wala "yupo" wakati hataki.
Kuna jibu la tatu. Chuoni hawalifundishi.
Nililipata kwa Mama Kasifa wa mapokezi,
aliyeweza kumketisha mdai saa nne nzima
na mdai akaondoka akishukuru kwa chai.

Karani wa chapa. Katibu. Katibu muhtasi.
Juzi wamebandika kibao: Msaidizi Mtendaji.
Fundi alitumia misumari ileile,
na mshahara uleule.

Sasa kuna programu inayosikiliza vikao.
Inaandika yote, hata "subirini, umeme umekatika."
Wiki ya kwanza Bwana Isabirye aliandikwa Isa Birika;
tulicheka hadi mhasibu akavua miwani.
Jioni nilibaki nayo, nikaifundisha majina:
Tenywa, Kagoya, Waiswa, Driciru.
Driciru ni mimi. Ililishika mara moja.
Sikujua kama namfunza msaidizi
au mrithi.

Haijui kuinua penseli, hiyo.
Madaftari yangu yana nafasi nyeupe:
hapa mwenyekiti alimtukana meneja wa ununuzi,
hapa meneja alilia.
Niliita ile heshima.
Ila yule meneja alihamishiwa Soroti
na hakuwa na hata mstari mmoja wa kumtetea.
Siku hizi naizipitia zile nafasi polepole,
kama mtu anayepapasa ufizi palipong'oka jino.

Saini ya Bwana Isabirye nayo ni picha,
iko kwenye mashine yangu. Neno la siri ninalo:
jina la mbwa wake aliyekufa, na mwaka.
Kwa wino huo usiolowesha
nimepandisha vyeo watu kumi na wanne,
akiwemo kijana wa masoko, miezi tisa tu kazini,
ambaye bado huniuliza stepla iko wapi.

Jumanne usiku, jenereta likinguruma,
niliandika barua ya kumi na tano.
"Menejimenti ina furaha kukuarifu..."
Vidole vinaijua sentensi hiyo bila mimi.
Nikafika chini. Kishale kikapepesa.
Kubonyeza mara moja, basi.
Angegundua? Yeye hugundua chai ikipoa.

Nikaifuta picha. Nikaacha mstari mtupu.
Nikachapa kwenye karatasi,
ingawa mwaka huu tumeapa kuachana na karatasi,
na nikalitoa kabatini faili jekundu la saini,
pembe zake zimeliwa na mende.
Enzi zake nilimjua: barua ya kwanza alisoma yote,
ya pili nusu, kuanzia ya tatu alisaini tu
huku akizungumza na simu.
Ya tatu palikuwa mahali pazuri.
Nikaiweka ya kwanza.

Saa tatu asubuhi nikaingia.
Kwa desturi naweka, naondoka, nafunga mlango.
Niliweka.
Akavaa miwani. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena,
nje lori la miwa likihangaika na gia.
"Driciru," akasema, kisha hakusema.
Akafungua droo ya kwanza, ya pili,
akapapasa chini ya kalenda.
Miaka miwili mkono wake haujasaini kitu.

Mimi nilikuwa na kalamu, nyuma ya sikio,
palepale inapokaa siku zote.
Sikumpa.
Nilisubiri aniombe.